Mtumiaji wa Kawaida

Mzee Ambakisye Mwasalemba alifika Zahanati ya Kisyelo saa moja na nusu asubuhi, amevaa koti lake jeusi la misibani, na kabla hata ya kusalimiwa akaulaza mkono wake wa kushoto juu ya meza ya Tupokigwe, kiganja juu, kama mtu aliyekuja kutolewa damu.

"Nifungulie," alisema.

Kwenye kifundo cha mkono ule kilifungwa kioo kidogo, ukubwa wa kiberiti. Juu ya kioo kulikuwa na maneno ambayo Tupokigwe aliyajua kama jina lake mwenyewe: *Kitendo hiki kinahitaji nywila ya msimamizi.*

"Shikamoo, Taata."

"Marahaba. Nifungulie."

"Kaa kwanza. Mvua yote hii umetembea?"

Mzee hakukaa. Maji yalikuwa yakimtiririka kutoka kwenye kofia hadi mabegani. Miguuni pake aliweka mfuko wa nguo, umefungwa kwa kamba ya katani.

"Ikupa amefariki," alisema. "Jana jioni. Wamenipigia alfajiri."

Tupokigwe alisimama, akazunguka meza, akamshika mikono yote miwili. Alimfahamu Ikupa. Kila Desemba alikuwa akipanda kutoka Kyela na gunia la mchele kwa ajili ya kaka yake, akapita hapa zahanati kuuliza kama yule mkaidi anakunywa dawa. Katika tumbo la mama yao walitoka wawili tu.

"Pole sana, Taata. Pole."

"Nimeshapoa. Anazikwa Jumamosi. Gari la kushuka Kyela linaondoka saa nne, nami nalala huko mpaka tuondoe tanga Jumatatu. Sasa hii saa yenu itataka waifai ya kule. Nimejaribu kuiandalia mapema, nimejaribu na waifai ya mgahawa hapo ng'ambo nione kama inakubali. Kila mara inaniuliza nywila. Nipe nywila niende."

Aliongea kama mtu anayeomba aazimwe jembe.

Ile aliyoiita saa haikuwa ya mkononi. Ilikuwa kifuani mwake, chini ya ubavu, punje ya chuma yenye ukubwa wa harage, na kazi yake ilikuwa kuutunzia moyo majira. Watu sitini na mmoja wa kata ya Kisyelo walikuwa nazo mwaka ule wa 2071, baada ya homa ya miaka ya arobaini kuiacha mioyo mingi ya milimani ikiwa imelegea. Ndani ya kila saa kulikuwa na mfumo wa Linux, ule ule ambao babu zao waliutumia kwenye kompyuta za mezani, ukapunguzwa na kukazwa mpaka ukaenea kwenye harage. Na kama ilivyokuwa kwenye kompyuta zile za kale, mfumo uliwagawa watu mafungu mawili. Kulikuwa na msimamizi, anayeweza yote. Kulikuwa na mtumiaji wa kawaida, anayeweza kutazama mapigo, kujua hali ya betri, na kuzima kengele ya dawa. Mwenye kifua alikuwa mtumiaji wa kawaida. Msimamizi wa saa zote sitini na moja alikuwa Tupokigwe Mwaisaka.

Saa ilitakiwa ipeleke habari zahanati kwa njia ya waifai inayoifahamu, na ya Mzee Ambakisye ilifahamu mbili tu, ya nyumbani kwake na ya hapa. Ikipitisha masaa hamsini bila kupeleka habari, ilijishusha yenyewe kwenye kile kilichoitwa mwendo wa kitanda: mapigo hamsini kwa dakika, hata mwili ulie vipi. Mtu aliyekuwa kwenye mwendo wa kitanda aliweza kulala na kulishwa uji. Akisimama, alianguka.

"Siwezi kukupa, Taata."

"Unaogopa nitaiba?"

"Nywila ni moja kwa saa zote. Nikikupa wewe, nimekupa kifua cha Mama Atuganile, na cha mwalimu mkuu, na cha mchungaji."

"Cha mchungaji sikitaki." Alivua kofia, akaikung'uta nje ya mlango, akarudi. "Basi ingiza wewe. Mimi nageuka huku, sitazami."

"Naweza kuingiza mtandao ambao saa inausikia. Wa Kyela hausikiki hapa. Na nikikusubiri ufike huko nikutumie ruhusa kutoka hapa, itapita wapi? Itapita kwenye waifai ile ile ambayo saa imeikataa."

Mzee alilifikiria hilo kwa heshima, kama fundi anayeonyeshwa kasoro ya kweli.

"Mashine za kukaushia chai nimezifungua miaka thelathini na moja," alisema mwishowe. "Nimezifungua usiku, nimezifungua zikiwa moto, meneja akiwa amelala. Hakuna hata moja iliyoniuliza mimi ni nani. Leo hii iliyo ndani yangu, inayokula damu yangu, ndiyo isiyonijua. Mwanangu, hapo huoni kitu?"

Tupokigwe alikiona, ila hakujua la kukifanya.

"Nipe nusu saa," alisema. "Nimpigie Mratibu."

"Mpigie. Lakini saa nne mimi nimo ndani ya gari, na nywila au bila nywila."

*

Mratibu Kibona, aliyesimamia saa za mkoa mzima, alikuwa Mbeya, mtu mwungwana, mwenye sauti ya taratibu ambayo haikupanda hata alipokuwa anakataa. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema pole kwa niaba ya ofisi, akauliza umri wa marehemu.

"Sasa, Tupokigwe," alisema, "wewe unajua kwa nini ruhusa zile ziliondolewa kwa wagonjwa. Wewe kuliko mtu mwingine."

Alijua. Mwaka 2059, siku ya mnada, mtu ambaye mpaka leo hajulikani alitega waifai akaiita BURE. Siku zile kila mgonjwa alikuwa msimamizi wa saa yake. Watu kumi na mmoja walijiunga, kwa sababu ni nani asiyejiunga na kitu cha bure, na kupitia mlango ule mtu yule akaingia akageuza majira ya mioyo yao kama anayechezea redio. Wa nne kuanguka alikuwa Gwamaka, mjomba wake Tupokigwe, aliyemlipia masomo. Alianguka na hindi la kuchoma mkononi. Tupokigwe alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, na yeye ndiye aliyemfumba macho.

"Najua, Mratibu."

"Mlaze hapo zahanati. Mpe dawa ya usingizi kama ana hasira. Msiba utapita."

"Ni dada yake wa pekee."

"Nimesikia. Nami nina sitini na moja kwako, na mia nne mkoa mzima. Nywila haitoki. Na wewe usiondoke kituoni, una wawili waliopandikizwa juzi."

Hilo nalo alikuwa ameshalipima: apande gari na mzee, amwingizie mtandao kwa mkono wake, arudi jioni. Lakini chumba cha ndani walilala wawili ambao saa zao zilikuwa bado hazijazoeana na mioyo yao. Mmoja alikuwa ameshtuka mara mbili tangu alfajiri.

Alikata simu. Kupitia dirishani alimwona Mzee Ambakisye amekaa kwenye benchi la veranda, mfuko magotini, anaitazama barabara. Angeondoka kweli. Kesho kutwa wakati wa maziko, huko Kyela, saa ingehesabu masaa yake hamsini, imshushe taratibu mbele ya kaburi la dada yake, watu wadhani amezimia kwa uchungu wammwagie maji. Wangemsimamisha tena, naye angeanguka tena.

Na kama angemlaza hapa kwa nguvu? Angepona. Angerudi nyumbani kwake akiwa mzima, mtu ambaye hakumzika ndugu yake, na Kisyelo nzima ingejua ni nani aliyemzuia. Mjomba Gwamaka aliuawa na ruhusa. Huyu wa nje alikuwa akinyongwa na katazo. Tupokigwe alijaribu kumwuliza mjomba wake moyoni angechagua lipi, lakini mjomba alikuwa mtu wa kucheka tu, hata alipokuwa hai.

*

Kanuni ilimtaka aandike kwenye taarifa ni mara ngapi mgonjwa ameomba na kukataliwa. Kwa hiyo alifungua kumbukumbu za maombi, kitu ambacho kwa kawaida hakuna anayekisoma.

Jina la Mzee Ambakisye lilikuwepo mara tano tangu alfajiri, zote kwa waifai ya mgahawa. Kila mstari ulikuwa na tarehe, jina la mtandao, kisha maneno *kwa ajili ya: wote*, kisha *limekataliwa*.

Tupokigwe alishuka chini zaidi. Mama Atuganile, Machi, harusi ya mjukuu: *kwa ajili ya: wote, limekataliwa*. Mwalimu mkuu, alipokwenda semina: *wote, limekataliwa*. Mchungaji: *wote*. Alishuka miaka kumi na moja ya maombi, mia mbili na kumi na manne, na neno halikubadilika hata mara moja. Neno lisilobadilika huanza kuonekana kama ukuta. Lakini lilikuwa limeandikwa pale ambapo mtu hujibu swali, na swali lenye jibu moja si swali.

Alitoka verandani.

"Taata, leo ulipojaribu ile waifai ya mgahawa, kabla ya nywila kuna kitu uliulizwa?"

"Kipo. Inauliza mtandao huu ni kwa ajili ya nani. Wote, au mimi peke yangu."

"Ukachagua wote."

Mzee alimtazama kana kwamba ameulizwa kama huwa anavaa suruali anapokwenda kanisani. "Sasa ulitaka nichague nini?"

"Lile lingine."

"Lile la mchoyo?"

"Hujawahi kulichagua? Hata kwa kujaribu?"

"Gwe Tupokigwe. Mimi nina kwetu. Mtu amenikaribisha kwake, amenipa waifai yake bila kununa, halafu mimi niandike hii ni yangu peke yangu? Akichungulia akaona je? Hata mtoto aliyeachishwa ziwa jana hafanyi hivyo. Anayekula amejifungia mlango, siku akifa atajibeba mwenyewe."

Tupokigwe aliketi benchini kando yake. Aliwaona wote sitini na mmoja, mmoja mmoja, kila mtu na kioo chake, katika nyumba za watu, wanaulizwa swali lile na wanajibu kama walivyolelewa.

"Taata, 'wote' hapo si watu wa mwenye nyumba. Ni wote wanaoitumia saa yako. Wewe, na daktari, na mimi, na saa yenyewe. Ukisema wote, umeomba ruhusa kwa niaba yetu sisi. Ndiyo maana inamtaka msimamizi."

"Na nikisema mimi peke yangu?"

"Sijui."

"Miaka kumi na moja umekaa kwenye kiti hicho hujui?"

"Mimi huingia kama msimamizi. Haijawahi kuniuliza."

Ilimwuma kulisema, kwa kuwa lilikuwa kweli tupu. Anayetembea na funguo zote kiunoni hajui ni mlango upi ulioachwa wazi.

Pembeni mwa chumba cha chanjo kulikuwa na kompyuta ya mezani, iliyotumika kuandikia uzito wa watoto. Ilikuwa ya ukoo ule ule wa Linux, yenye sheria zile zile za ruhusa. Tupokigwe alifungua kwa nywila yake, akaunda mtumiaji mpya, akamwita *mzee*, akamfanya wa kawaida, asiye na cheo chochote. Kisha akajitoa, akaingia upya kama huyo mtu mdogo. Mzee Ambakisye alisimama nyuma yake, anapumulia shingoni mwake.

"Mbona umeniandika kwa herufi ndogo?"

"Ndivyo mfumo unavyotaka."

"Haya."

Alichagua waifai ya mgahawa. Mzee akamtajia neno lake la siri, alilolijua kwa kuwa alikunywa chai pale kila siku. Likatokea swali. Tupokigwe akachagua *wote*. Dirisha likaruka mbele yake: *Kitendo hiki kinahitaji nywila ya msimamizi.* Alilifunga, akarudi nyuma, akachagua *mimi peke yangu*.

Duara dogo lilizunguka. Likazunguka tena. Halafu mistari mitatu ya waifai ikajaa, mmoja baada ya mwingine, kama mtungi chini ya bomba, na hakuna aliyeulizwa kitu.

Nje, mvua ilikuwa imepungua na mtu alikuwa akiswaga ng'ombe barabarani.

"Kumbe mlango haukufungwa," alisema Mzee.

Tupokigwe alifungua mwongozo wa saa, ule mrefu uliofichwa ndani ya mfumo, ambao kozi ya wiki mbili ya wasimamizi ilikuwa imewapa muhtasari wake tu. Muhtasari ulisema kwa mstari mmoja: mtumiaji wa kawaida hawezi kuongeza mtandao. Mwongozo wenyewe ulisema zaidi. Mtandao wa mtumiaji peke yake hufunguka anapokuwa macho na hujifunga anapolala. Hupeleka habari nje. Haupokei amri kuingia ndani, kutoka kwa mtu yeyote, hata msimamizi. Alirudia sentensi hiyo ya mwisho mara tatu. Mtego kama ule wa BURE usingepata pa kushika. Mtu fulani aliyeandika mistari ile, mahali fulani, aliwaza kwamba mgonjwa naye atakuwa na safari zake, akamwachia njia nyembamba isiyo na hatari kwa jirani. Kisha njia ile ikapewa jina ambalo hakuna mtu wa Kisyelo mwenye adabu angelibonyeza.

Lakini sentensi ile ya mwisho ilikuwa na upande wa pili.

*

"Kaa, Taata. Nataka nikwambie jambo zima, si nusu."

Safari hii alikaa.

"Ukiwa nyumbani kwako, moyo ukipanda kupita mia na ishirini, mimi naushusha kutoka hapa. Wajua hilo?"

"Sijui."

"Mwaka jana ulipowakimbiza mbuzi waliokuingilia shambani. Uliniambia ulisikia kama mtu amekushika bega."

"Nilidhani ni marehemu baba."

"Nilikuwa mimi. Sasa, huko Kyela ukitumia njia hii, nitakuona. Kila pigo litanifikia hapa mezani. Lakini sitaweza kukushika bega. Likitokea la kutokea, nitakuwa natazama tu."

Mzee alikuna kidevu. Majigambo yalikuwa yamemtoka usoni, akabaki mtu wa miaka sabini na minane aliyelowa, na Tupokigwe aliona kwamba anaogopa, na kwamba hakuona haya kuonekana.

"Kwa hiyo naweza kufia kule," alisema.

"Unaweza."

"Kwa Ikupa."

"Kwa Ikupa."

"Basi wageni watakuwa wameshafika." Alicheka kidogo, peke yake, akafuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Na Mratibu wako anasemaje kuhusu hili la mchoyo?"

"Sijamwuliza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikimwuliza atakataa."

Huo ndio ulikuwa mzigo wake. Kibona alikataza nywila isitoke, na haikutoka. Angeweza kujificha nyuma ya hilo. Lakini alijua, kama mtu anavyojua njaa yake, kwamba kumfundisha mgonjwa mmoja njia ile ni kumwondoa mikononi mwake, na mkono wake ndio uliokuwa umemshika mzee huyu mwaka jana asianguke kwenye mahindi. Alikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza. Waliowaachia wagonjwa ruhusa zote kabla ya mnada ule wa 2059 nao walikuwa na sababu nzuri. Kumwacha mtu achague, huku ukijua anaweza kuchagua vibaya na wewe umekaa kwenye kiti unatazama, si jambo alilofundishwa kwenye kozi yoyote.

"Ungekuwa ni baba yako?" aliuliza Mzee.

"Ningemfungia chumbani."

"Angalau wewe mkweli."

"Ndiyo maana sikuamulii," alisema Tupokigwe. "Ningekuamulia vibaya."

Mzee alinyoosha tena mkono. Kwenye kioo, swali lilikuwa linasubiri. Mtandao wa mgahawa, wa majaribio. Huu ukikubali hapa, wa Kyela nao ungekubali.

"Bonyeza wewe."

"Siwezi. Nikibonyeza mimi, amebonyeza msimamizi."

Kidole chake kinene, chenye kovu la mkanda wa mashine, kilielea juu ya yale maneno mawili. Kiliinamia *wote* chenyewe, kwa mazoea, kikarudi. Aliangalia mlangoni kama anahakikisha hakuna jirani anayepita.

"Ikupa, usitazame," alisema kwa sauti ndogo, akabonyeza lile la pili.

Mistari mitatu ikajaa.

Alisimama, akavaa kofia, akauokota mfuko. Mlangoni akageuka. "Na hao wengine sitini, utawaambia?"

"Nenda, gari litakuacha."

"Si jibu hilo."

"Nitawaambia," alisema Tupokigwe, na aliposikia sauti yake ndipo alipojua kwamba ameshaamua. "Mmoja mmoja. Na habari nzima, kama nilivyokwambia wewe."

*

Jioni ya siku ile, saa kumi na mbili na dakika kumi, mstari wa Mzee Ambakisye uliwaka kwenye meza yake kutoka kwenye mtandao ulioitwa Subilaga-2. Subilaga alikuwa binti wa marehemu. Mapigo sabini na moja. Saa tatu usiku ulikuwa umezimika, maana yake mzee amelala. Alfajiri ya Ijumaa ukawaka tena. Tupokigwe alijikuta akipumua kana kwamba ndiye aliyeamka.

Jumamosi mchana alikuwa akimfunga bandeji mmoja wa wale wawili wa chumba cha ndani pale meza ilipolia. Tisini na nane. Alimaliza kufunga, akanawa, akaja kukaa. Mia na tisa. Saa nane na nusu. Ndio wakati wanaotoka na jeneza. Labda anatembea nyuma yake. Labda mteremko. Mia na kumi na saba. Kwenye pembe ya kioo cha mezani, kitufe cha *Punguza*, ambacho kidole chake kilikizoea kama kinavyozoea kifungo cha blauzi, kilikuwa cha kijivu, kimekufa.

Mia na ishirini na sita.

Alisimama, akakaa. Hakujua kule kuna nini. Labda wanaimba. Labda wanawake wa Kyela wamepiga yowe la kushusha mwili. Labda yuko chini, amezungukwa na miguu ya watu. Namba haikusema. Namba ilisema tu kwamba moyo unafanya kazi kubwa kuliko uwezo wake, na yeye amekaa kilomita hamsini juu mlimani, mikono mapajani.

Mia na thelathini na moja.

Simu ikaita. Ilikuwa Mbeya.

"Tupokigwe, namwona wa kwako mmoja mia na thelathini na moja," alisema Kibona, taratibu kama kawaida yake. "Mbona humshushi?"

"Haiwezekani, Mratibu. Yuko kwenye mtandao wake peke yake. Unaleta habari, haupokei amri."

Alisikia Kibona akibonyeza vitufe, akijaribu mwenyewe kutoka juu, kwa nywila iliyo kubwa kuliko ya Tupokigwe. Alisikia akibonyeza tena.

"Umempa nywila?"

"Sikumpa. Haihitaji nywila. Haikuwahi kuihitaji. Nimekuandikia taarifa yote, ukurasa wa mwongozo nimeutaja, utaisoma."

"Yuko wapi?"

"Anamzika dada yake."

"Nani amemruhusu?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?" Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, sauti ya Kibona ilipanda. "Kila saa ina mwenyewe kwenye daftari langu. Nani?"

"Mwenye moyo, Mratibu."

Kibona hakukata simu. Tupokigwe aliiweka simu mezani, kando ya kioo, na kupitia kwayo alisikia kiti cha Mbeya kikivutwa karibu, na pumzi ya mtu anayetazama anachokitazama yeye. Namba ilisimama kwenye mia na thelathini na moja kwa muda mrefu kuliko alivyofikiri muda unaweza kurefuka. Halafu ikawa mia na ishirini na nane. Mia na kumi na tisa. Hakuna aliyeigusa. Wawili wale, mmoja mjini na mmoja mlimani, walikaa wakiuangalia moyo wa mtu mwingine ukishuka wenyewe, ngazi kwa ngazi, mpaka sabini na nne.